Ukungu unarudi kila nikipaka rangi: ukuta mmoja, maji ya aina mbili

Swali: Chumba chetu cha kulala kina ukuta mmoja unaotazama nje ambao umenishinda. Chini, kama nusu mita kutoka sakafuni, rangi inafura na kubanduka, na plasta inatoa unga mweupe. Juu, kwenye kona nyuma ya kabati la nguo, kuna madoa meusi ya ukungu na nguo zinanuka. Nimesugua kwa dawa ya klorini, nikapaka rangi ya mafuta, na mwaka uliofuata nikapaka rangi inayosemwa kuzuia kuvu. Miezi mitatu haipiti, mambo ni yale yale. Sasa fundi ananishauri nipige vigae mpaka mita moja na nusu. Nikubali? Na kwa nini dawa haifanyi kazi?

Jibu: Vigae viache kwanza. Kwa maelezo yako, ukuta huo una matatizo mawili ambayo hayana undugu, na umekuwa ukiyatibu kama moja. Kule chini kuna maji yanayopanda kutoka ardhini. Kule juu nyuma ya kabati kuna mvuke wa chumbani unaotua kwenye ukuta wa baridi. La kwanza hutibiwa kwa kazi ya nje na ya plasta. La pili hutibiwa kwa hewa, na huenda lisidai hata mfuko mmoja wa saruji. Rangi na klorini haziondoi maji ya aina yoyote kati ya hayo mawili, ndiyo maana kila kitu kinarudi.

Kuna dalili moja ambayo watu wengi huipita bila kuiona: umesema chini kuna unga mweupe, na madoa meusi yako juu. Maji ya ardhini hupanda yakiwa yamebeba chumvi. Yakifika kwenye uso wa ukuta hukauka, chumvi inabaki, na mahali penye chumvi nyingi kuvu kwa kawaida hapapendi. Kwa hiyo sehemu ya ukuta iliyolowa zaidi mara nyingi haina ukungu mweusi hata kidogo, na ile yenye ukungu mwingi ukiigusa kwa kiganja unaikuta kavu. Mtu akikosa kujua hili, hupeleka dawa ya kuua kuvu kwenye chumvi, na dawa ya kuzuia maji kwenye kuvu.

Hakikisha kabla ya kutumia hela

Anza na ule unga mweupe. Kwangua kidogo kwa kisu, weka kwenye kijiko cheusi au kigae cheusi, udondoshee maji. Chumvi huyeyuka au husambaa ikapotea. Ukungu mweupe (upo pia, si wote mweusi) hujikunja kama nyuzi za pamba na hauyeyuki. Kisha nenda kwenye doa jeusi la juu na ulidondoshee tone moja la dawa ya klorini. Likipauka ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Lisipobadilika, huenda ni vumbi au moshi uliogandamana kwenye kona ya baridi.

Halafu fanya jaribio la foili, hili hili la jikoni. Kata vipande viwili vya nusu mita kwa nusu mita. Kimoja kibandike chini, kitovu chake kikiwa kama sentimita 30 kutoka sakafuni, na kingine juu pale penye madoa, baada ya kulivuta kabati. Kule chini kwangua kwanza rangi iliyolegea, pote pafute pakauke juujuu, kisha bandika kingo zote nne kwa selotepu pana pasibaki mwanya. Ukiacha mwanya hata wa kidole, jaribio halina maana. Acha saa 48. Foili ikilowa upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba. Ikilowa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Natarajia kwako kipande cha chini kilowe nyuma, na cha juu kilowe mbele au kisilowe kabisa. Kile cha juu kikilowa nyuma, habari inabadilika, na nitaigusia hapo mbele.

Usiharakishe kununua kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili za kuchoma ukutani. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Ukuta uliokwisha kukauka lakini wenye chumvi utakupa namba ya kutisha, na kuna mafundi wanaouza kazi kwa namba hizo.

Mwisho wa uchunguzi ni wakati. Doa linalojitokeza saa chache au siku moja mbili baada ya mvua kubwa, kisha likafifia, ni maji ya mvua yanayopenya kwenye ufa, kwenye fremu ya dirisha au kwenye gata lililotoboka. Doa lisilojali mvua wala jua, linalozidi tu, lifikirie bomba. Funga mifereji yote, soma mita ya maji, kaa saa mbili bila kutumia maji, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna uvujaji mahali fulani, na fundi bomba atangulie kabla ya fundi rangi. Unyevu wa ardhini wenyewe hupanda taratibu, huacha mstari unaokaribia kuwa sawa kwa urefu wa ukuta mzima, na mara chache huvuka mita moja au moja na robo.

Chini: anza nje

Saruji, tofali na mchanga vina vinyweleo vyembamba, na maji hupanda humo kama mafuta kwenye utambi wa taa. Ndiyo sababu juu ya msingi huwekwa karatasi ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanayoiita DPC, na inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Nyumba nyingi zenye shida kama yako karatasi hiyo wanayo, tena nzima. Kilichotokea ni kwamba imerukwa. Mtu alirundika udongo wa bustani ukutani, au uwanja uliinuliwa kwa kifusi na kumwagiwa zege, au plasta ya nje ilishushwa mpaka ikaingia ardhini. Maji hayana haja ya kupita kwenye karatasi ikiwa yana daraja la plasta pembeni yake.

Kwa hiyo chukua jembe kabla ya mwiko. Nje ya ukuta huo, ondoa udongo mpaka usawa wake uwe sentimita 15 au 20 chini ya sakafu ya ndani. Kama plasta ya nje imezama ardhini, ikate kwa mstari ulionyooka juu kidogo ya karatasi ya DPC na uitoe yote ya chini yake. Ukuta utaonekana uchi hapo chini, uache hivyo. Bustani ihamie angalau mita moja kutoka ukutani, na bomba la kumwagilia lielekee kwingine.

Maji ya paa nayo yasimwagike miguuni pa ukuta. Kama hakuna gata, kila mvua matone ya ukingo wa bati yanachimba mtaro na kurusha matope na maji ukutani. Weka gata, na bomba la kushusha maji liishie kwenye mfereji au shimo lililo mbali, lisiishie pale kwenye kona. Kama gata haliwezekani kwa sasa, mwaga kibaraza cha zege chenye upana wa sentimita 60 hadi mita moja, kikiinamia nje kwa sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Mteremko ndio muhimu kuliko zege lenyewe. Kibaraza kilicholala sawa, au kinachoinamia nyumbani kwa nusu sentimita tu, ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana sasa umejenga beseni kando ya msingi. Na usikiinue kikafika kwenye DPC.

Baada ya kazi hiyo ya nje, subiri. Najua hili halipendwi. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuta hukauka kwa kasi ya kama sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi, baada ya chanzo cha maji kukatwa. Ukuta wa sentimita 15 ni miezi sita, wa sentimita 23 unakaribia miezi tisa. Huhitaji kuhama wala kuacha kila kitu kwa muda wote huo, ila plasta na rangi mpya za ndani zikiwekwa wiki mbili baada ya kuchimba, zitababuka, na utasema kazi ya nje haikusaidia.

Ikiwa nyumba haina DPC kabisa, au imeoza, kuna njia ya kuchoma dawa ukutani. Ni krimu ya silane (kemikali inayofanya ukuta ukatae maji) inayopigwa kwenye matundu ya milimita 12, yaliyopangwa kila baada ya sentimita 10 hadi 12, kwenye mstari mmoja wa udongo wa kuunganishia tofali, si katikati ya tofali. Mstari huo uwe kama sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Kina cha tundu ni unene wa ukuta ukitoa sentimita 3 au 4. Toa vumbi kwenye kila tundu kabla ya kujaza, na ujaze kuanzia ndani ukirudi nje, vinginevyo krimu inakaa mdomoni tu na katikati ya ukuta panabaki mlango wazi. Kwa matofali yenye matundu ndani njia hii hukwama mara nyingi, kwa sababu dawa huanguka kwenye uwazi badala ya kunywewa. Na jua nyaya za umeme zinapita wapi kabla hujashika drili. Binafsi nisingefikia hatua hii kabla ya msimu mmoja wa mvua kupita juu ya kazi ya nje, maana mara nyingi haitakiwi.

Chini, ndani: plasta

Plasta iliyokwisha kunywa chumvi haiponi. Chumvi za ardhini, hasa za kloridi na naitreti, hufyonza unyevu hata kutoka hewani. Ukuta unaweza kuwa umekauka kabisa, lakini siku za mvua ukaonekana umelowa tena kwa sababu ya chumvi iliyobaki usoni. Ndiyo maana plasta hiyo inatolewa nje ya nyumba, si kuzibwa.

Gongagonga kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na tofali. Iondoe yote mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa juu kabisa wa unyevu au chumvi, hata kama hapo juu inaonekana nzima. Chimba viungo vya tofali kwa kina cha sentimita moja au moja na nusu ili plasta mpya ipate pa kushika. Sasa piga brashi ngumu, kavu, na ukusanye vumbi lote kwenye mfuko ulitoe. Usioshe kwa maji: chumvi itayeyuka na kurudi ndani ya tofali, halafu itatoka tena baada ya wiki chache. Acha ukuta uchi kwa wiki kadhaa, na kila chumvi mpya ikijitokeza, brashi tena. Huu ndio muda ambao ukuta unajisafisha wenyewe, utumie.

Kwa plasta mpya, changanya saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1 na mchanga ndoo 6. Mchanga uwe umeoshwa, na usiwe wa baharini hata kama umeoshwa mara ngapi. Chokaa huifanya plasta ipumue na isiwe ngumu kupita tofali lililo nyuma yake. Piga matabaka mawili ya milimita 10 hadi 12 kila moja. La kwanza lichorwe mistari na kuachwa lishike kabla ya la pili kuja. Ishia sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, pengo hilo lifichwe na ubao wa chini ya ukuta, ili maji ya kupiga deki yasinywewe na plasta.

Plasta ya jipsamu isikaribie sehemu hiyo, wala puti ya jipsamu ya kulainisha. Jipsamu ikilowa hulainika na hufyonza maji kwa pupa. Vivyo hivyo plasta ya saruji tupu yenye dawa nyingi ya kuzuia maji. Ukiifunga sehemu ya chini, maji hayajakoma, yanatafuta njia ya kutokea, na njia iliyobaki ni juu. Vigae vya fundi wako ni jambo lile lile kwa bei kubwa zaidi. Ukivipiga mpaka mita moja na nusu, baada ya mwaka mmoja au miwili ama vitaanza kulia utupu na kuachia, ama mstari wa unyevu utajitokeza juu yake, mahali ambapo leo hakuna shida.

Rangi isubiri angalau wiki nne baada ya plasta, zaidi kama hewa ni ya unyevu. Tumia rangi ya chokaa, ya silikati (rangi ya madini inayopitisha mvuke), au rangi ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta uliyopaka ilifura kwa sababu haipitishi mvuke: maji yalifika nyuma yake, yakakosa pa kutokea, yakainua ngozi nzima. Malengelenge yale uliyoyaona ni hayo. Mwaka wa kwanza huenda ukaona chumvi kidogo ikichungulia kwenye rangi mpya. Ifute kwa brashi kavu, uendelee.

Juu: hewa ya chumba

Hapa namba zinasaidia. Mtu aliyelala hutoa mvuke wa karibu gramu 40 kwa saa kwa pumzi na jasho. Watu wawili kwa saa nane ni gramu 640, zaidi ya nusu lita. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 32 hivi. Ikiwa na joto la nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60, hewa hiyo inaweza kupokea gramu 250 tu zaidi kabla ya kujaa kabisa. Madirisha yakifungwa usiku kucha, zile nyingine hupenya kwenye nyufa za mlango, au huingia kwenye godoro, nguo na kuta.

Kuvu haingoji maji yatiririke. Hewa inayogusa ukuta ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 siku nyingi mfululizo, inatosha. Na kufika hapo ni rahisi kuliko unavyodhani: chumba chenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 65 kinaonekana hakina neno, lakini kama ukuta wa nje uko nyuzi 18, hewa ile ile ikiugusa inakuwa na asilimia 83. Kona ya nje hupoa zaidi kwa sababu inapoteza joto pande mbili. Ukiweka kabati mbele yake, joto la chumba halifiki tena na hewa haitembei. Umetengeneza sehemu ya baridi, giza na hewa tulivu, halafu ukaijaza vumbi na nguo ambazo kuvu huzila.

Hatua ya kwanza basi ni kulihamishia kabati kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba. Kama nafasi hairuhusu, lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, liwe na miguu ili hewa ipite chini, na juu yake kusiwe na masanduku yanayoziba mpaka darini. Kabati lenye mgongo wa ubao mwembamba uliokwisha kuota ukungu, ung'oe mgongo huo. Huo ubao uliosindikwa huoshi ukasafika.

Ya pili ni kubadili hewa. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja siku nzima linafanya kazi ndogo kuliko madirisha mawili yanayotazamana, pamoja na mlango, yakifunguliwa wazi kabisa kwa dakika 10 au 15 asubuhi na tena jioni. Watu huuliza: na siku za mvua? Fungua, mradi nje kuna baridi kuliko ndani kwa nyuzi kadhaa. Hewa ya nje ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 95 ina maji chini ya gramu 15 kwa mita ya ujazo. Ya ndani ya nyuzi 25 yenye asilimia 75 ina zaidi ya gramu 17. Hewa ya mvua, ikiingia na kupata joto, ndiyo inayokausha. Hali hugeuka pale nje kunapokuwa na joto la kunata na chumba kimepozwa kwa kiyoyozi: hapo ukifungua unaingiza maji, na yatatua kwenye kuta baridi. Wenye kiyoyozi wasikishushe sana, kwa sababu kila nyuzi unayopunguza inausogeza ukuta karibu na kiwango cha kutokwa jasho.

Ya tatu, usianike nguo mbichi chumbani. Mzigo mmoja wa nguo zilizokamuliwa hutoa lita mbili au zaidi za maji, yaani zaidi ya watu wawili kwa usiku mzima. Kama hakuna namna, zianikwe chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango umefungwa.

Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, hivi vinavyoonyesha joto na asilimia. Kiweke karibu na ile kona, si mezani katikati ya chumba, na ukisome asubuhi kabla hujafungua dirisha. Kikikaa chini ya 60 uko salama. Kikionyesha juu ya 70 asubuhi baada ya asubuhi, ukungu utarudi hata ungepaka rangi gani. Mashine ya kufyonza unyevu inasaidia nyumba ambazo madirisha hayatoshi, ila ikiwashwa madirisha yafungwe, la sivyo unakausha mtaa mzima. Vile vikopo vyenye chembe za kunyonya unyevu vinatosha ndani ya kabati tu.

Sasa ile habari niliyoahidi. Foili ya juu ikilowa upande wa ukuta, acha mambo ya hewa kwanza utazame nje na juu: bati au kigae cha paa kilichotoboka, gata lililoziba likafurika ukutani, ufa wa plasta ya nje. Mwaga maji kwa bomba kwenye ukuta wa nje ukianzia chini na kupanda taratibu, dakika 20 kila sehemu, mtu akiwa ndani anaangalia. Ukianza juu, maji yatateremka na hutajua yaliingilia wapi.

Kuusafisha ukungu wenyewe

Hili umekuwa ukilifanya kabla ya mengine, ilhali nafasi yake ni baada ya kabati kuhama na hewa kurekebishwa. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo sana, au likiwa limeingia ndani ya dari ya jipsamu, tafuta mtu mwenye vifaa. Mwenye pumu, mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu asiwe ndani wakati wa kazi, na asilale humo usiku huo. Usihangaike kupima ni kuvu ya aina gani. Rangi haikuambii ukali wake, nyeusi si lazima iwe mbaya kuliko ya kijani, na hatua za kuchukua ni zile zile.

Vaa barakoa ya N95 au FFP2 (kitambaa hakizuii vijimbegu vya kuvu), glavu za mpira na miwani iliyoziba pembeni. Toa nguo na matandiko, funga mlango wa ndani, fungua dirisha, na zima feni. Usikwangue wala kupiga msasa ukungu mkavu: utaurusha chumba kizima. Kama nyumba ni ya zamani, rangi ya chini huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutogusa msasa. Nyunyizia maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo mpaka uso ulowe bila kuchuruzika, futa kwa kitambaa, kunja upande safi, futa tena. Vitambaa viishie kwenye mfuko uliofungwa.

Kazi kubwa ni huko kufuta. Kuvu iliyokufa ikibaki ukutani bado huwasha pua na kifua, kwa hiyo kuiua bila kuitoa hakutoshi. Klorini inafaa kwenye vigae, kioo na rangi ngumu: mililita 60 za dawa ya nyumbani kwa lita moja ya maji, dakika 10 ikiwa mbichi, kisha suuza na kausha. Kwenye plasta, kinachofanya kazi huishia usoni, doa linapauka na unaona umeshinda, huku maji yaliyoibeba yanazama ndani na kulowesha mizizi ya kuvu. Hilo ni jibu la swali lako la pili. Kwa plasta natumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dakika 10, kisha nafuta. Chochote utakachochagua, usichanganye klorini na siki, dawa ya choo yenye asidi, wala chochote chenye amonia, kwa sababu gesi inayotoka huunguza mapafu.

Plasta iliyolainika kiasi cha kuingia ukucha itolewe. Dari ya jipsamu iliyoota ukungu ikatwe mpaka sentimita 30 nje ya doa. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinaruhusu, godoro lililoota ndani litupwe. Rangi ya kuzuia kuvu si utapeli, ila dawa iliyomo huisha nguvu, na ikipakwa juu ya ukungu hai hubanduka pamoja nao. Ipake kwenye kona ya juu tu, baada ya ukuta kukauka kwa wiki kadhaa, na usiishushe kwenye plasta mpya ya chini.

Kabla ya yote, chora kwa penseli ukingo wa juu wa unyevu kule chini kwenye sehemu tatu za ukuta, na uandike tarehe. Kila mwezi uangalie. Mstari ukishuka, kazi ya nje imefaulu, endelea na plasta muda wa kukauka ukiisha. Ukibaki pale pale baada ya miezi mitatu tangu kuchimba, niandikie tena unieleze unene wa ukuta, aina ya tofali, foili zote mbili zililowa upande gani, na usawa wa ardhi ya nje ukilinganisha na sakafu yako.